Kwani Hiyo Simu Ina Mwenyewe?

Kila nikipita Kenyatta Avenue hapa Nakuru, kuna kijana wa mwavuli ananisimamisha. "Boss, na kioo kimepasuka hivyo? Leta kitambulisho na dipoziti kidogo, uondoke na mpya sasa hivi." Ana meza, ana spika inayopiga kelele tangu asubuhi, na ana majibu ya kila kitu: kamera, memori, betri inakaa siku ngapi. Juzi nilimuuliza swali moja tu. Nikichelewa kulipa, nani anaizima? Akacheka. "Wewe lipa tu, boss, hakuna shida."

Shida naijua. Ilinipata Molo.

Mimi kazi yangu ni viazi. Nanunua shambani, Molo na Mau Narok, nauza Nakuru mjini. Sina ofisi, nina simu. Nikaona hii kazi inataka simu ya maana, nikachukua ya mkopo. Bei ya taslimu ilikuwa 12,000. Nikalipa dipoziti 3,000, halafu 60 kila siku kwa mwaka mzima. Sitini ni nini? Chai na mandazi. Hesabu sikupiga. Piga wewe sasa: 60 mara siku 365 ni 21,900. Ongeza dipoziti, inakuwa 24,900. Nililipia simu mbili, nikabeba moja.

Lakini hata si hiyo pesa iliyonikasirisha. Jioni moja pikapu ilikuwa imejaa magunia kumi na mawili, dereva ana haraka kwa sababu barabara ya Salgaa usiku si ya kuchezea. Shosho mwenye shamba anangoja pesa yake. Natoa simu mfukoni, napata maandishi tu: umechelewa kulipa, kifaa kimefungwa. Kweli nilikuwa nimesahau siku mbili. Deni lilikuwa shilingi 120. Kwa M-Pesa nilikuwa na zaidi ya 30,000, za viazi.

Sasa fikiria. Ili simu ifunguliwe, nilipe 120. Ili nilipe, nahitaji M-Pesa. M-Pesa iko kwa laini, na laini iko ndani ya simu iliyofungwa. Namba ya akaunti ya kulipia deni iko kwa meseji, ndani ya simu hiyo hiyo. Nikabaki naitazama kama mjinga.

Shosho akaniuliza, "Kijana, kwani hiyo simu ina mwenyewe?"

"Ni yangu, shosho."

"Yako namna gani?"

Sikuwa na jibu. Akatoa kabambe yake kwa mfuko wa aproni, ile ya tochi, chaji inakaa karibu wiki. Laini yangu ni ndogo kama punje, tundu la kabambe ni kubwa, mjukuu wake akaibana na kipande cha selotepu. Nikamtumia shosho pesa zake kwa kutumia simu yake mwenyewe, huku yeye ameshika laini yake kwenye kiganja, akiniamini tu kwamba meseji itaingia akiirudisha. Iliingia. Ile 120 niliilipa kesho yake, baada ya kupanga foleni nikaulizie namba ya akaunti.

Najua utaniambia nini. Bila mkopo, maskini atapata simu wapi? Ni swali la haki. Julai 2020, Safaricom na Google walipoleta Lipa Mdogo Mdogo, simu ya 4G kwa shilingi 20 kwa siku, mlango ulifunguka kwa watu ambao hawangeweza kutoa elfu sita mara moja. Oktoba 2023 kiwanda cha Athi River kilipozinduliwa, simu yake ya bei ya chini iliuzwa 7,499. Muulize dada anayekata maua Naivasha kama hiyo anaitoa mara moja, na kodi ya nyumba inangoja. Kwa hivyo sipingi mkopo, na deni nililipa lote.

Ninachopinga ni ile kufuli. Mwenye duka akikukopesha jiko, ukichelewa siku mbili haji kuzima moto ugali ukiwa kwenye sufuria. Na mtu wa nduthi anategemea simu kuitwa na wateja, kulipwa na kuweka mafuta. Ukimfungia, umemzuia kutafuta ile pesa unayomdai. Hiyo ni akili gani?

Na msiseme haiwezekani kuwekea mdai mipaka. Kanuni za Benki Kuu za 2022 ziliwakataza wakopeshaji wa kidijitali kutisha wadaiwa na kupigia simu watu walio kwenye orodha ya namba zao. Yaani tulikubaliana kama nchi kwamba deni langu halikupi ruhusa ya kumsumbua shangazi yangu. Basi lisikupe ruhusa ya kunizuia nisimpigie huyo shangazi akiwa hospitali. Funga TikTok. Funga kamera, funga gemu, sitalia. Acha simu ipige, acha meseji, acha M-Pesa. Na bei kamili, ile 24,900, iandikwe kwenye bango kwa herufi kubwa kama ile 60.

Wewe unayesoma hii kwa matatu ukielekea Pipeline au Free Area, na unapanga kubadilisha simu mwisho wa mwezi: anza na hesabu, kamera baadaye. Zidisha malipo ya siku mara siku zote. Uliza kitakachobaki kikifanya kazi ukichelewa, na ukichukua mkopo, andika namba ya akaunti kwa karatasi. Ukinunua mitumba, dai risiti na boksi, bonyeza *#06#, ulinganishe namba. Na kama kazi yako ni ya barabarani, beba kabambe. Watu watacheka. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na mimi nimewahi kusimama shambani Molo bila kusitirika.

Siku hizi nina simu mbili. Moja ni kabambe. Ya pili ni ya kupangusa, niliinunua taslimu kwa pesa ya chama, na hiyo ndiyo imepasuka kioo. Iko polepole, picha zake ni za ukungu, lakini ikizima ni chaji imeisha.

Kijana wa mwavuli bado ananiita boss. Mimi bado namuuliza swali langu. Siku atakayonijibu bila kucheka, tutakaa chini tuongee bei.