Uwanja Huu Utaandikwa Jina la Nani?

Ngara, mkoani Kagera, ni nchi ya vilima. Ukitoka Rusumo kuelekea mjini unaona migomba iliyopanda mlima, kahawa, maharage, na nyumba za bati zilizojishikiza ubavuni. Ardhi tambarare ni mali adimu. Uwanja wa soka wa kimataifa una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Ukiuzungushia njia ya riadha ya mita 400 yenye mistari minane, unahitaji ekari nne na ushei zilizo sawa kama meza. Kwenye vilima vile, ekari nne za namna hiyo ama ni shamba la mtu, ama ni bonde linalotuama maji, ama zitapatikana kwa greda.

Ndiyo maana utakuta uwanja wa shule wenye goli la juu na goli la chini. Timu inayoshambulia kwa kushuka kipindi cha kwanza hutaka kumaliza kazi mapema, kwa sababu kipindi cha pili itacheza ikipanda. Mistari ni ya majivu, na mvua ikinyesha usiku, asubuhi hakuna mstari. Milingoti ni ya mkaratusi na nyavu hakuna, kwa hiyo nusu ya mabishano ya mchezo ni kama mpira umepita ndani ya mlingoti au nje. Chini kabisa, nyuma ya goli, anawekwa mtoto mmoja. Kazi yake ni kuufuata mpira migombani na kuurudisha juu.

Nimeanzia kwa mtoto huyo kwa makusudi. Mjadala wa fedha za serikali kwa viwanja vya vyuo vikuu huwa unaanzia juu, kwenye ramani na picha za kompyuta, na kuishia huko huko. Lakini mwanafunzi wa chuo kikuu hatoki hewani. Kabla ya kuvaa jezi ya chuo alikuwa mtoto wa goli la chini.

Kwa Kagera jambo hili si la nadharia tena. Kupitia mradi wa elimu ya juu wa HEET, unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, zinazotajwa kuwa takriban shilingi bilioni 972, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi Itahwa, kata ya Karabagaine, katika Halmashauri ya Wilaya ya Bukoba. Wilaya za Ngara na Biharamulo hazina chuo kikuu, na kampasi hiyo ndiyo itakayokuwa Mlimani ya watoto wao. Katika mradi kama huu maneno yanayotangulia ni maabara, kumbi za mihadhara, mabweni na mitaala, na ni haki yatangulie. Uwanja wa michezo hutajwa mwishoni, na kinachotajwa mwishoni ndicho kinachokatwa kwanza fedha zikipungua. Je, Serikali itumie fedha ya umma kujenga viwanja vya vyuo wakati shule za msingi bado zinahangaika?

Nitajibu ndiyo. Lakini kabla ya kuuliza ni shilingi ngapi, nataka tuulize hati itaandikwa jina la nani.

Wenye umri wanakumbuka jinsi viwanja vya mikoa vilivyojengwa zama za chama kimoja. Wananchi walichanga, wafanyakazi walikatwa mishahara, watu walijitolea nguvu zao. Wakati huo chama na Serikali vilikuwa mkono mmoja, na hakuna aliyeona sababu ya kuuliza mwenye mali. Mwaka 1992 mfumo wa vyama vingi ukarudi, na viwanja vikabaki kwa Chama Cha Mapinduzi: Kirumba Mwanza, Sokoine Mbeya, Ali Hassan Mwinyi Tabora, Sheikh Amri Abeid Arusha, Kambarage Shinyanga, Majimaji Songea, na vingine. Tangu hapo, kila unapoibuka mjadala wa kuvikarabati, swali ni lile lile. Fedha ya walipa kodi wote itaingiaje kwenye mali ya chama kimoja? Na ikikataliwa kuingia, uwanja utachakaa mbele ya macho ya waliouchangia. Huu ni mtego, na tuliutega wenyewe siku tuliyojenga bila kujali karatasi.

Kagera ina mfano wa upande wa pili. Kaitaba, uwanja wa Bukoba, ni mali ya Manispaa. Ulipofika wakati wa kuwekewa nyasi bandia kwa msaada wa FIFA na TFF, hakuna aliyelazimika kujieleza kwa nini mali ya umma inasaidiwa. Sisemi Kaitaba ni pepo. Timu ya shule inayotoka Ngara kwenda kucheza pale inamaliza siku nzima barabarani, na inashuka garini ikiwa imechoka kabla ya filimbi. Lakini angalau mwenye uwanja anajulikana, na diwani anaweza kuulizwa.

Fedha ya michezo ya nchi hii imekuwa ikifuata kamera. Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, ulifunguliwa mwaka 2007. Agosti 2025 tuliandaa CHAN pamoja na Kenya na Uganda, na AFCON ya 2027 ndiyo iliyoupatia mji wa Arusha uwanja mpya. Mimi ni mpenzi wa mpira na nilifurahi kama kila mtu. Lakini mashindano ya siku thelathini yanapata kauli ya juu kabisa ya nchi, huku mwanafunzi anayekaa chuoni miaka mitatu akiachiwa asubiri. Tazama hata mkopo wake. Bodi ya Mikopo inatambua chakula na malazi, vitabu, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, utafiti na ada. Michezo haimo. Chama cha michezo cha vyuo vikuu, TUSA, kinaandaa mashindano, lakini nauli, jezi na posho ya mwalimu ni za kila chuo kujikuna kinapofikia.

Hoja ya upande mwingine ina uzito, na siipuuzi. Mwaka 2016 michezo ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, ilisitishwa ili nguvu na fedha zielekezwe kwenye madawati. Mtoto anayeandika akiwa amekaa sakafuni ni aibu ya taifa, na mzazi wa Nyakahura au Rulenge akiambiwa achague kati ya dawati na njia ya riadha atachagua dawati bila kufikiri mara mbili. Ningekuwa yeye, ningefanya hivyo hivyo. Tatizo langu ni kuwekwa kwenye uchaguzi huo. Aliyekuwa darasa la saba mwaka 2016, akasoma bila kukwama, aliingia chuo kikuu mwaka 2023. Dawati alilipata, na ni jema. Mashindano ambayo mwalimu wa wilaya nyingine angemwona akikimbia hayakufanyika, na hakuna bajeti iliyofuata iliyomrudishia. Dawati linaweza kuchelewa mwaka mmoja likaja. Umri wa miaka kumi na tatu ukipita umepita.

Tanzania ina medali mbili tu za Olimpiki, zote za fedha, zote kutoka Moscow mwaka 1980. Moja ni ya Filbert Bayi, mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Nyingine ni ya Suleiman Nyambui, mita 5,000. Nyambui ni mtoto wa Majita, mkoani Mara, ng'ambo ya ziwa hili hili linalopiga mawimbi Bukoba. Kabla ya Moscow alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso, chuo cha umma cha jimbo, ambako alikuta njia ya kukimbilia, kocha wa kumsimamia na wapinzani wa kumsukuma. Bidii ilikuwa yake, na mapafu aliyatoa Majita. Lakini nusu ya medali zetu za Olimpiki imepitia kwenye uwanja wa chuo kikuu cha watu wengine, uliogharimiwa na walipa kodi wengine. Kila nikiisoma historia hiyo najisikia fahari, na papo hapo najisikia kudaiwa.

Ghana wametuonyesha njia moja. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Ghana pale Legon ulikaa miaka ukiwa haujakamilika, mpaka nchi ilipopewa Michezo ya Afrika. Serikali ikaumalizia, na Machi 2024 riadha ikakimbiwa ndani ya chuo. Wageni waliondoka, njia ya kukimbilia ikabaki na wanafunzi. Nasi tungeweza kuelekeza sehemu ya maandalizi ya AFCON vyuoni, kwa sababu timu zinahitaji viwanja vya mazoezi, na kiwanja cha mazoezi kilichojengwa chuoni hakikosi watumiaji mashindano yakiisha.

Nirudi nyumbani, kwenye wilaya mbili za Ngara na Biharamulo, maana huku ndiko suala la hati linapouma zaidi.

Ngara inaijua fedha inayokuja na kuondoka. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu zaidi ya laki mbili walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa ishirini na nne wakikimbia vita vya Rwanda, na kambi ya Benaco ikawa mji kwa usiku mmoja. Mashirika yakaja na malori, mahema, matangi ya maji, magari meupe. Kisha yakaondoka. Biharamulo nayo iliona mgodi wa dhahabu wa Tulawaka ukianza uzalishaji mwaka 2005 na mwekezaji wa nje akiuachia mwaka 2013, ukachukuliwa na STAMICO, shirika la madini la Serikali, kupitia STAMIGOLD. Sasa Ngara kuna nikeli ya Kabanga, ambayo Serikali ina hisa asilimia 16 katika kampuni ya Tembo Nickel tangu makubaliano ya Januari 2021. Kuna pia umeme wa maporomoko ya Rusumo, megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi.

Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa wajibu kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Zaidi ya hapo upo ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo. Na upo Mfuko wa Maendeleo ya Michezo, unaotengewa asilimia 5 ya kodi ya kubeti matokeo ya michezo. Kijana anayebeti Nyakanazi akisubiri abiria kwenye bodaboda yake anauchangia mfuko huo, hata kama hajui. Basi tusiseme hakuna mahali pa kuanzia.

Kinachokosekana ni mwenye mali anayeaminika kudumu. Uwanja wa kijiji usiopimwa unaliwa kidogo kidogo: mwaka huu kibanda, mwakani ghala, mwaka wa tatu barabara ya mchepuko. Mgodi unafungwa. Mbunge anakuja na Kombe la Mbunge, jezi seti kumi na mbuzi wa mshindi, na vijana wanafurahi kweli. Nimewaona wakicheza kama fainali ya dunia. Silidharau kombe hilo. Ila jezi inachakaa msimu mmoja, na baada ya uchaguzi huenda kombe likabadilika jina au likafa.

Chuo kikuu cha umma hakina muhula wa miaka mitano. Kina walimu, wahasibu, wakaguzi, na kila Oktoba kinapokea vijana wapya. Kwa hiyo ndicho mwenye uwanja anayefaa kuliko wote, kwa sharti moja ambalo bila hilo naiondoa hoja yangu: lango liwe wazi. Tumeshaona taasisi zinazozungushia uwanja ukuta na kuweka mlinzi, nyasi zikakua magotini huku watoto wa jirani wakicheza chandimu barabarani. Fedha ya umma ikijenga uwanja Itahwa, mkataba utaje siku za shule za jirani, siku za wilaya za mbali, na nani analipa maji na kufyeka. Na wanafunzi wanaosomea elimu ya viungo, fani ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinaifundisha, wapelekwe mafunzo ya ualimu kwa vitendo Ngara na Biharamulo, wakafundishe kupokezana vijiti kwenye uwanja wa mteremko.

Huku wilayani hatuhitaji njia ya kisasa ya mpira mwekundu inayokanyagwa na wakimbiaji wa Olimpiki. Njia ya changarawe iliyoshindiliwa vizuri, yenye mifereji ya kutoa maji, inatosha kumlea mkimbiaji. Weka tangi la maji, stoo yenye kufuli, vyoo, na chumba cha wasichana kubadilishia nguo. Hicho cha mwisho nakisisitiza. Msichana wa kidato cha pili anayelazimika kubadili nguo nyuma ya kichaka ataacha michezo kabla hajafika kidato cha tatu, na hakuna kampasi yenye uwanja mzuri itakayompata.

Mabaraza ya madiwani hupitia bajeti za halmashauri mwanzoni mwa mwaka. Ngara na Biharamulo kila moja inaweza kuanza na mstari mmoja kwenye mpango wa wajibu wa mgodi kwa jamii: kupima ekari tano, kuweka bikoni, kulipa fidia ya anayelima pale, na, kwa kuwa huku hakuna chuo kikuu, kuandikisha hati kwa jina la halmashauri, pamoja na makubaliano ya matumizi na chuo cha Itahwa. Greda lije baada ya hapo.