Si kila sarafu yenye kilema ilikosewa kiwandani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache juu ya biashara ya "sarafu zenye makosa", ambayo siku hizi imewashika vijana wetu kama homa. Kwenye simu za mkononi na pembeni mwa masoko utamkuta mtu akitangaza shilingi 100 iliyopinda, au shilingi 200 yenye alama asiyoielewa yeye mwenyewe, huku akidai kwamba ilikosewa kiwandani na kwa hiyo bei yake ni laki kadhaa. Mwenye sarafu naye huambiwa atume kwanza pesa ya "usajili" ndipo aletewe mnunuzi kutoka nje. Pesa huenda, mnunuzi haji.

Mimi ni fundi mitambo mstaafu, na kwa maoni yangu ulanguzi huu unashamiri kwa sababu wananchi hawajaelezwa sarafu hutengenezwaje. Maelezo yenyewe si marefu. Vipande vya duara hukatwa kutoka kwenye bamba la chuma. Kila kipande hubiringishwa kwa nguvu ili ukingo wake uinuke kidogo. Kisha huwekwa ndani ya pete ya chuma kigumu na kupigwa na mihuri miwili kwa mpigo mmoja, mmoja juu na mmoja chini. Kosa la kweli ni lile lililotokea kabla mpigo huo haujaisha. Lililotokea baadaye, iwe barabarani, jikoni au kwenye karakana ya mjanja, ni uharibifu tu, hata likipendeza vipi.

Chukua mfano wa mstari unaokatiza uso wa sarafu. Muhuri ukipata ufa, chuma laini cha sarafu huingia ndani ya ufa ule, na kwenye sarafu mstari hutokea umeinuka. Mkwaruzo wa msumari au wa sakafu huchimba kwenda chini, na ukipitisha ukucha utasikia chuma kilichosukumwa kimelala kandokando ya mtaro. Kwa jaribio hili peke yake, nyingi ya sarafu nilizoletewa nizitazame zilianguka papo hapo.

Sarafu iliyong'atwa pembeni inahitaji macho zaidi. Kwa kweli hutokea kiwandani mashine ikakata kipande mahali palipokwisha kukatwa, kikatoka na pengo la mviringo. Lakini pengo hilo huacha ushahidi. Kipande kile kinapobiringishwa, sehemu yenye pengo haina kitu cha kubanwa, na kwa hiyo upande unaolikabili nao haubanwi sawasawa. Matokeo yake ni kwamba ukingo ulio ng'ambo ya pengo mara nyingi huwa hafifu. Aliyekata kwa tupa au msumeno hakumbuki kuugusa upande wa pili: pengo liko huku, na ng'ambo ukingo umesimama imara kama siku ilipozaliwa. Isitoshe, tupa huacha mikwaruzo yake.

Kuna hila nyingine ya kubana sarafu mbili kwenye jiriwa mpaka moja ichapwe na picha ya mwenzake, imegeuka na kuzama ndani. Sarafu ya namna hiyo huweza kutoka kiwandani, pale ambapo sarafu iliyokwisha pigwa imeganda kwenye muhuri na kukipiga kipande kinachofuata. Lakini hapo upande ule hauna picha yake ya kawaida, kwa kuwa muhuri wake haukuufikia. Ile ya jiriwa utaona picha ya zamani ipo chini, imepondwapondwa. Tazama kwa kioo cha kukuzia. Kinauzwa bei ndogo kuliko hiyo "ada ya usajili".

Shilingi 100 zetu za rangi ya njano ndizo zinazoliza watu zaidi. Sarafu hii ni chuma kilichopakwa shaba ya njano juu. Ikitiwa tindikali, au ikipita motoni, ganda hutoka na kubaki kijivu, ndipo huuzwa kama shilingi 100 "iliyopigwa kwa madini mengine". Iweke kwenye mizani pamoja na mwenzake. Iliyoliwa na tindikali ni nyepesi, ni nyembamba, na herufi zake zimelegea kama sabuni iliyotumika. Sumaku hapa haitakusaidia, maana huvuta zote mbili.

Sisemi kwamba makosa ya kweli hayapo. Mwaka 2008 Uingereza ilibadili sura ya sarafu zake, na mwaka ukahamishwa kutoka nyuma kwenda upande wa kichwa cha Malkia. Baadhi ya sarafu za peni 20 zikapigwa kwa muhuri wa zamani wa kichwa pamoja na muhuri mpya wa nyuma, zikatoka hazina mwaka upande wowote. Royal Mint, kiwanda kilekile kilichopiga shilingi zetu za kwanza za mwaka 1966, kilikiri kosa hilo, na watozi wa sarafu huzinunua kwa makumi ya pauni. Aliyekwangua mwaka kwenye peni 20 ya kawaida hapati kitu, kwani kovu hubaki.

Hapa kwetu Tabora tuna somo letu wenyewe. Mwaka 1916 Wajerumani, walipokuwa wamezingirwa vitani, walipiga sarafu za heller na za dhahabu za rupia 15 kwenye karakana ya reli. Heller 20 za Tabora hutofautiana taji na ncha za herufi L, kwa sababu mihuri ilikuwa zaidi ya mmoja. Nyingine hazikukolea vizuri. Hayo ni ya asili yake, na asiyejua huweza kuidharau sarafu halali kwa kuidhania imeharibika. Kwa hiyo ujinga huu unaumiza pande zote mbili: mmoja ananunua takataka, mwingine anaitupa historia ya mji wake.

Naiomba Benki Kuu, pamoja na makumbusho zetu, wabandike picha kubwa za sarafu nzima, sarafu zilizokosewa na sarafu zilizoharibiwa, kwenye matawi na kwenye stendi za mabasi, kwa Kiswahili. Polisi nao wawafuatilie hawa wanaodai ada kwa wanunuzi wasioonekana. Na mwenye sarafu anayoitilia shaka asiisafishe wala kuisugua, maana majivu na ndimu vimekwisha ua nyingi.

Fundi Mstaafu,
Tabora.