Sushi ya Nyumbani Haidai Mvinyo wa Ghali

Imezuka dhana miongoni mwa watu wa miji yetu, hasa wale waliojifunza kuviringisha wali na samaki majumbani mwao baada ya kuonja sushi hotelini, kwamba chakula hicho, madhali kimetoka mbali na bei yake ni ya kutisha, hakistahili kuteremshwa kooni ila kwa kinywaji kilichotoka mbali vilevile na chenye bei ya kutisha vilevile. Mwenye karamu hununua samaki kwa kubana, akipima na kupunguza, kisha akaenda akazimwaga fedha zake katika chupa ya mvinyo ambayo jina lake hawezi kulitamka. Naiona dhana hii kuwa ni israfu, tena israfu inayokwenda kinyume cha tarehe ya chakula chenyewe.

Sushi tuijuayo leo, yaani tonge la wali uliotiwa siki na kufunikwa kipande cha samaki, ilipata umbo lake katika mji wa Edo, ambao sasa ni Tokyo, mwanzoni mwa karne ya 19, na jina la Hanaya Yohei ndilo litajwalo aghalabu watu wanapomtafuta mwanzilishi wake. Iliuzwa vibandani kando ya njia, ikaliwa kwa vidole na mafundi, wachukuzi na kila mwenye njaa na haraka. Siki iliyopendwa na wauzaji wake ilikuwa ile ya machicha ya sake, ambayo Nakano Matazaemon wa Handa alikuwa akiitengeneza tangu mwaka 1804, na kwa kuwa machicha ni mabaki ya kiwanda cha pombe, siki hiyo ilikuwa rahisi kuliko siki ya mchele. Hata jodari, ambaye siku hizi hupigwa mnada kwa fedha zitoshazo kununua nyumba, alikuwa samaki wa kudharauliwa, na minofu yake ya mafuta inayogombewa leo ilikuwa ikitupwa.

Na kinywaji je? Aingiaye katika duka la kawaida la sushi huko Japani huwekewa mbele yake, bila ya kuagiza na mara nyingi bila ya kutozwa kitu, kikombe kikubwa kizito cha chai ya kijani iliyo moto sana. Katika maduka mengi chai hiyo ni konacha, yaani vumbi na vipande vidogo vya majani vinavyotengwa wakati chai za hadhi ya juu, kama sencha na gyokuro, zinapotengenezwa. Vumbi hilo likikutana na maji yanayochemka hukoleza rangi na kutoa ukakasi mara moja, na ukakasi huo, ukisaidiwa na joto, huosha mafuta ya samaki ulimini, hata tonge la saba likaonjwa kama la kwanza. Msomaji wa Mombasa, ambako chai ya Afrika Mashariki hupigwa mnada, hana haja ya kufundishwa kwamba daraja la vumbi lina soko lake na heshima yake.

Wapo watakaosema kwamba chai ni ya wazee, na kwamba karamu bila ya chupa si karamu. Sina ugomvi nao, ila naomba wasiikimbilie chupa nyekundu. Mwaka 2009 wataalamu wa kampuni ya Mercian ya Japani walichapisha utafiti uliotokana na kuonja mvinyo wa aina nyingi pamoja na kombe wa baharini, wakabaini kwamba kadiri madini ya chuma yalivyozidi katika mvinyo, ndivyo shombo lilivyozidi mdomoni. Na bei ya chupa haimwelezi mnunuzi chuma kilichomo. Ambaye dini yake na hiari yake vinamruhusu, bia nyepesi iliyopoa sana itamfaa kwa gharama ndogo zaidi, kwani povu lake husafisha kinywa bila ya kumfunika samaki.

Soda siikubali. Wali wa sushi umekwisha tiwa sukari pamoja na siki na chumvi, na utamu juu ya utamu huua ladha ya samaki, ambayo kwa hulka yake ni ya upole. Chai yetu ya maziwa na iliki, niipendayo kuliko vinywaji vyote vya dunia, nayo ingoje siku ya maandazi. Ama tangawizi, imo tayari sahanini, imekatwa nyembamba na kulowekwa katika siki, na haina haja ya kurudi tena kikombeni.

Asiyepata konacha na atumie majani ya chai ya kijani yaliyo karibu naye, maji yakishachemka yaachwe yapoe hadi kiasi cha nyuzi 80, na majani yakae humo dakika moja tu, maana yakizidi hapo ukakasi hugeuka uchungu. Chai ya rangi iliyo nyepesi, bila ya sukari, si haba. Walakini nyumba yenye watoto, ninayoipendekezea zaidi ni shayiri: ikaangwe kavu hadi iwe hudhurungi, ichemshwe katika maji mengi kwa dakika 10, ichujwe na kupozwa. Wajapani huinywa hivyo wakati wa joto, haina kafeini, na gharama yake ni ndogo mno.

Fedha zitakazosalia ziende kwa samaki na barafu. Samaki wa kuliwa mbichi hutakiwa kugandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7 ili minyoo ife, na majokofu mengi ya nyumbani hayafiki baridi hiyo, kwa hiyo ni heri kumlipa zaidi muuzaji mwenye chumba cha baridi cha kuaminika kuliko muuza mvinyo.