Fidla moja mara tatu si fidla tatu

Najua nimeadimika, zamu za usiku hapa Leicester zinanimaliza. Ila leo lazima niwajibu nyie niliowatumia wimbo wa harusi ya mdogo wetu, mkaniambia eti fidla zake zinalia kama kinanda cha watoto.

Iliniuma, nisiwafiche. Halafu nikavaa spika za masikioni, nikasikiliza... mmesema kweli.

Nilipiga fidla moja ya kompyuta, nikainakili mara tatu nikidhani nimepata kundi. Wapi! Sauti ile ile ikirudiwa inazidi ukubwa tu, haizidi watu. Nikazisogeza kidogo zisilingane, ndo kabisaa, zikalia kama zimo ndani ya bomba.

Watu kumi wakipiga fidla pamoja, hakuna wawili wanaoigusa noti sawasawa kwa wakati wala kwa kimo. Ujazo unatoka humo. Na taarab yetu ya Unguja ndo zaidi: fidla, udi, ganuni na nai vinafuata wimbo mmoja, lakini kila mpigaji anautia nakshi zake.

Kwa hiyo sasa chini kabisa naweka sampuli za kundi zima, sauti ya kujificha. Juu yake fidla ya peke yake, kisha nyingine kutoka programu tofauti. Kila moja naipiga upya kwa vidole, na nikichelewa kidogo naacha hivyo hivyo. Kwenye fidla nakata vya chini ya hezi 196, maana noti yake ya chini kabisa inaishia hapo. Huko chini ni kwa selo na dabalbesi.

Kuna wanaosema mashine siku hizi inatosha. Mimi nakataa. Sampuli nyingi zimepangwa kwa noti za piano, na ukitaka bayati, ile robo ya sauti inabidi uivute kwa gurudumu, noti baada ya noti. Fidla moja ya kweli juu ya hizo za kompyuta inaziponya zote.

Ndo maana, Ami, shikamoo, nakuomba hapa hapa mbele za watu: ile fidla iliyo juu ya kabati iteremshe. Harusi mwezi ujao. Nirekodie kwa simu, televisheni ikiwa imezimwa, na upige mara nne. Nne za kweli Ami, usinitumie moja!