Bustani ipande mtelemkoni

Juni ikiingia Njombe na Makete, mipango ya kupanua bustani ya nyumbani huelekea bondeni, jirani na vinyungu, yaani bustani za mabondeni, kwa kuwa huko maji hayakosekani. Inaeleweka. Lakini kwa nyanya na maharage, ni uamuzi mbaya.

Hewa ya baridi ni nzito. Usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto, hewa iliyo juu yake hupoa, kisha huteremka taratibu na kutuama chini. Alfajiri majani ya viazi vya bondeni hukutwa meupe kwa jalidi. Jua likipanda yananyauka na kuwa meusi, kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Ya jirani aliye juu kidogo huweza kusalimika.

Anayeongeza matuta basi aanzie juu mtelemkoni, nyuma ya nyumba, karibu na ukuta wa tofali, kwani hutunza joto la mchana na kuliachia usiku. Uzio wa mabanzi uliozibwa upande wa chini (na wengi huuziba kwa ajili ya kuku) hunasa baridi ndani, uachiwe upenyo. Bondeni zibaki kabichi na karoti.

Udongo unyweshwe mchana, maana mkavu hautunzi joto vizuri. Jioni miche ifunikwe kwa nyasi au turubai, asubuhi ifunuliwe.

Maofisa ugani nao wapite mitaani Mei, matuta yakiwa bado kwenye mipango. Kuja Agosti kuhesabu hasara hakumsaidii mkulima.