Wati 1,000 na Dirisha Lililo Wazi

Mfumo wa sauti wa kanisa una kazi mbili zisizofanana: kufikisha maneno ya mhubiri hadi benchi la mwisho, na kubeba muziki wa kwaya. Muziki husamehe mengi; ukumbi unaovuma unaweza hata kuupamba wimbo. Maneno hayasamehe. Hata hivyo kamati nyingi hununua mitambo kwa kipimo cha muziki, yaani ukubwa wa spika na uzito wa besi, kisha hushangaa waumini wa nyuma wanapolalamika kwamba wanasikia kelele wasiyoielewa.

Kiswahili chenyewe huonyesha tatizo lilipo. Karibu kila silabi huishia kwa irabu, na irabu ndizo zenye nguvu nyingi katika sauti ya binadamu. Konsonanti, zinazobeba sehemu kubwa ya maana, ni fupi na hafifu. Kinachotenganisha "anakuja" na "atakuja" ni konsonanti moja tu, na katika mahubiri ya kurudi kwa Bwana hiyo si tofauti ndogo. Ndani ya kuta za saruji, sakafu ya vigae na paa la mabati, irabu ya silabi iliyopita huendelea kuvuma na kuifunika konsonanti inayofuata. Kupandisha sauti hakusaidii, kwa kuwa mwangwi nao hupanda kwa kiasi kilekile.

Mtu wa kwanza kulipigia hesabu jambo hili alikuwa Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1895 alipewa kazi ya kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambamo maneno hayakueleweka. Alihamishia humo mito ya viti vya ukumbi mwingine, akapima muda ambao sauti huchukua kufifia. Aligundua kwamba muda huo hutegemea ujazo wa ukumbi ukilinganishwa na kiasi cha sauti kinachonyonywa na vilivyomo, na kipimo chake cha unyonyaji kilikuwa mita ya mraba ya dirisha lililo wazi, kwa sababu sauti ikipita hapo hairudi.

Kwa hesabu hiyo, kanisa la mita 20 kwa 12 lenye kimo cha mita 6, likiwa tupu na gumu pande zote, linaweza kushikilia sauti kwa sekunde 5 hivi. Wakiingia watu 200, kila mmoja hunyonya kiasi cha karibu nusu mita ya mraba ya dirisha, na muda hushuka hadi sekunde 1.6 hivi. Mahubiri hupenda sekunde 1. Ndiyo maana mitambo iliyojaribiwa Jumamosi jioni, kanisani wakiwa fundi na mpiga kinanda tu, Jumapili huwa kama mitambo mingine kabisa.

Kwa hiyo shilingi ya kwanza ingefaa iende kwenye ukumbi: mapazia mazito ukuta wa nyuma, zulia madhabahuni, na dari ya bodi zinazonyonya sauti chini ya mabati. Dari hiyo hupunguza pia kishindo cha mvua, ambayo ikinyesha kwa nguvu hakuna spika inayoishinda. Wahubiri wazoefu hukatiza mahubiri na kuiachia kwaya nafasi. Tatizo ni kwamba mapazia hayana mvuto wa harambee. Spika huzinduliwa, huombewa na kupigwa picha pamoja na mfadhili. Dari ya bodi haizinduliwi na mtu.

Hesabu ya nguvu nayo hudanganya wengi. Kutoka wati 500 hadi 1,000 ni ongezeko la desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida. Ili sauti isikike kama imeongezeka maradufu, nguvu hulazimika kuongezwa mara 10. Umbali, kinyume chake, hauhitaji pesa. Kila umbali kutoka kwenye spika unapoongezeka maradufu, sauti inayotoka moja kwa moja hupungua desibeli 6. Spika zikisimamishwa chini pande mbili za madhabahu, mtu wa mita 2 hupata desibeli 20 zaidi ya mtu wa mita 20: wa mbele anaziba masikio, wa nyuma anatega sikio. Zikiinuliwa juu na kuinamishwa kuelekea waumini, pengo hilo hupungua sana, na ukuta wa nyuma hupigwa kidogo.

Kanisa refu linahitaji spika ndogo za ziada katikati, lakini sauti yake lazima icheleweshwe. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, hivyo spika iliyo mita 15 mbele ya zile kuu huhitaji kusubiri milisekunde 44 hivi. Kanisa kuu la St Paul's, London, lilifungiwa mitambo ya namna hii mwanzoni mwa miaka ya 1950. Leo miksa nyingi za kidijitali zina uwezo huo, ingawa mara nyingi hakuna aliyewahi kuugusa.

Maiki inayopiga miluzi kwa kawaida haina kosa. Iko mbali na mdomo, au iko mbele ya spika, au imezibwa kichwa kwa kiganja. Kuisogeza kutoka sentimita 20 hadi 10 huleta desibeli 6 za bure. Umeme hudai mambo machache: waya wa ardhi unaofanya kazi na stabilaiza. Fundi mitambo naye aketi katikati ya waumini badala ya kufichwa kwenye kona.

Linabaki dirisha. Lile linalosafisha sauti ndani ndilo linaloipeleka kwa jirani, na katika joto la Mombasa au Dar es Salaam haliwezi kufungwa. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 huruhusu, nje katika maeneo ya makazi, desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku huanza saa 2. Tanzania ina kanuni zake za mwaka 2015. Kigali, mwaka 2018, mamia ya makanisa yalifungwa, kelele ikiwa miongoni mwa sababu. Waumini huuliza kwa nini baa ya mtaani haiguswi, na swali hilo ni la haki. Lakini halimpi usingizi mgonjwa wa nyumba ya pili.

Spika ya nje inayotoa desibeli 100 kwa mita 1 bado huwa na 64 hivi mita 64 mbali, kama mtu anayezungumza kando ya kitanda. Wanaokosa nafasi ndani wanaweza kuhudumiwa na spika ndogo chini ya turubai, zikielekezwa kwao na si barabarani. Mkesha wa watu 30 hauhitaji spika za nje wala za besi. Besi hupenya ukuta kuliko sauti nyingine yoyote. Kipimo cha mwisho cha mitambo basi hufanyiwa nje, usiku, kwenye ukuta wa jirani wa karibu, huku mtu akihubiri ndani kwa sauti yake ya kawaida.