Hoi An, mji ulioponywa na matope

Ukibahatika kufika Da Nang, katika pwani ya kati ya Vietnam, tenga siku moja uende Hoi An, kilomita 30 hivi kusini. Ondoka mapema, kabla mabasi ya watalii hayajafika.

Katika karne za 16 na 17 hii ilikuwa bandari mashuhuri, na wafanyabiashara wa Kijapani na Kichina walijenga na kukaa. Baadaye mto Thu Bon ukajaa matope, meli zikahamia Da Nang, mji ukasahauliwa. Bahati iliyoje! Pasipo fedha, nani angebomoa nyumba za mbao ajenge maghorofa? Mwaka 1999 UNESCO iliutangaza kuwa urithi wa dunia.

Vuka lile daraja la Wajapani lenye paa, lililofunguliwa upya mwaka 2024 baada ya ukarabati (wengine walinung'unika kuwa rangi imekuwa mpya mno). Kisha ingia nyumba ya Tan Ky, utazame ukutani. Zimo alama za kimo cha mafuriko, pamoja na miaka yake. Maji yakipanda, samani huvutwa hadi ghorofani. Kwa hiyo epuka Oktoba na Novemba.

Usiondoke bila kuonja cao lau, tambi nene zenye nyama ya nguruwe. Asiyekula nguruwe aulize kwanza.